Nimepanga Mbezi Beach: upepo upo, nyumba zipo, ila angalia unatokea upande gani wa barabara

Kila nikisema nakaa Mbezi Beach hapa Dar watu wananijibu "aah kumbe we mtu wa geti kali", afu hapo hapo maswali yanafuata, kodi shingapi, foleni mnaiwezaje, maji yapo? Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa hiyo naandika yote mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii. Mpangaji ni mteja kama mteja mwingine yeyote, na hii bidhaa ni ghali, kwa hiyo acha niikague kama ninavyokagua friji. Mi ofisi yangu iko Posta, mume wangu yuko Mikocheni, watoto wanasoma Tegeta, na tumepanga upande wa chini yaani upande wa bahari. Kabla ya hapo tulikuwa Sinza miaka mingi tu, kwa hiyo nalinganisha na maisha ya Sinza, sio na maisha ya Ulaya.

Kwa wasioijua, unatoka Posta unapanda na Barabara ya Bagamoyo kaskazini, unapita Morocco, Makumbusho, Mwenge, unaipita kambi ya jeshi ya Lugalo, ukishaanza kusikia konda anaita Tangi Bovu, Goigi, Makonde, Africana, Interchick, basi umefika. Ni kama kilomita 15 mpaka 20 kutoka katikati ya mji, inategemea umeingia mtaa gani. Na tafadhali msichanganye na Mbezi Luis ya Barabara ya Morogoro ambako iko stendi kubwa ya mabasi ya Magufuli. Shemeji yangu alivyokuja kutoka Singida mara ya kwanza aliambiwa "Mbezi" akashuka stendi akiwa na furaha kabisa anajua amefika nyumbani, anapiga simu "nipo Mbezi mje mnichukue", kumbe kati yetu na yeye kuna Goba nzima. Siku hizi nafuu maana kuna lami inatoka Mbezi Mwisho, huko huko Luis, inapita Goba inakuja kutokea Tangi Bovu, mgeni anawekwa kwenye bajaji au teksi anafika bila kuzunguka Ubungo na Mwenge. Hiyo barabara kwangu mimi ni moja ya vitu vilivyoongeza thamani ya huku na watu hawaisemi.

Sasa kwa nini huku viwanja ni vikubwa hivi na nyumba ziko mbali mbali? Mzee mwenye nyumba wetu alinihadithia vizuri siku tulipoenda kusaini. Yeye alikuwa mtumishi wa serikali, kiwanja alipata miaka ya 80, anasema wenzake walimcheka, "unaenda kuishi porini na nyani", palikuwa na mikorosho na minazi na daladala ya kubahatisha. Mshahara ulikuwa haufiki katikati ya mwezi kwa hiyo wakubwa wengi walifuga, ng'ombe wa maziwa, kuku wa mayai, na ndo maana viwanja vya enzi hizo vina nafasi nyuma mpaka leo unakuta banda lililogeuzwa stoo au chumba cha mlinzi. Hata kituo cha Interchick kina jina la kampuni ya kuku. Na kupangisha nyumba kwa kiongozi lilikuwa kosa kabisa, Azimio la Arusha la 1967 lilikataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, mpaka Azimio la Zanzibar la 1991 lilipokuja kulegeza. Baada ya hapo wenye viwanja wakaanza kuongeza nyumba ya pili uani, halafu ya tatu, halafu siku hizi watoto wako nje au wamehamia Masaki, wazee wamebaki wawili kwenye nyumba ya vyumba sita, wanauza, anakuja mtu anabomoa anapandisha apatimenti za ghorofa tatu. Yetu ni hiyo ya pili, nyumba ndogo ya uani, mzee na mama wanakaa ile kubwa mbele. Kwa hiyo ukisikia mtu amepanga Mbezi Beach usidhani yuko kwenye jumba, wengi wetu tuko uani kwa watu, tena kwa raha zetu.

Tuje kwenye kupata nyumba, maana hapo ndo pesa inaanza kuondoka. Dalali hakwepeki. Anachukua kodi ya mwezi mmoja, na kabla ya hapo kuna hela ya kuonyeshwa, kila ukipanda bajaji kwenda kuangalia nyumba unalipa wewe. Wenye nyumba wengi wanataka miezi sita, wengine mwaka mzima. Huyu dalali wetu alikuwa na maneno! Nyumba ya kwanza aliyotupeleka: "Dada hii haikai wiki, kuna mtu wa benki anakuja jioni". Ukuta wa chumba cha watoto umevimba chumvi mpaka rangi inabanduka kwa mkono, namuuliza hii nini, ananiambia "hiyo ni hali ya hewa ya beach dada, unaisikia bahari?" Nikacheka nikaondoka. Nyumba ya pili kila kitu kimekamilika, jipsamu, marumaru, jiko la makabati, pevingi mpaka getini, ila mwenyewe anataka dola. Nikamwambia dalali kamuulize kama anajua kwamba kanuni za 2025 zimekataza bei za ndani ya nchi kutajwa kwa fedha za kigeni. Alirudi na bei ya shilingi ila ni ile ile ya dola imebadilishwa kwa reti ya juu, kwa hiyo ushindi wangu ulikuwa wa kisheria tu. Nyumba ya tatu ndo tuliyochukua, na nitasema ukweli haikuwa nzuri kushinda ile ya pili, haina jipsamu, vyoo vya zamani, dirisha la sebule bado la vioo vya kupangwa. Tuliichukua kwa sababu ya njia ya kutokea.

Na hapa ndo ninapotaka kukaa kidogo maana hakuna dalali atakayekwambia hiki kitu.

Barabara ya Bagamoyo inaigawa Mbezi Beach katikati. Upande mmoja ni wa bahari, watu wanaita chini, upande wa pili unapanda kuelekea Mbezi Juu, Salasala, Goba. Wote tunaambiana ushuani, kodi ya chini ni kubwa kwa sababu ya bahari, kodi ya juu inashuka kidogo kadri unavyoingia ndani. Watu wanadhani tofauti inaishia hapo. Haiishii hapo, tofauti kubwa iko asubuhi. Sisi tunaendesha kushoto si ndio? Mtu wa upande wa bahari akitoka mtaani kwake anakata kushoto tu, tayari yuko kwenye njia za kwenda mjini. Mtu wa juu lazima avuke njia zinazotoka mjini, asubiri katikati, afu aombe kuingia kwenye foleni ambayo imejaa tangu Tegeta na Bunju na hakuna anayetaka kumpisha, mtu ametoka Bunju saa kumi na moja akupishe wewe uliyetoka kitandani saa hizi? Jioni inageuka. Mtu wa juu anakata kushoto anaingia kwake anakula, sisi wa chini tunawasha indiketa ya kulia tunasubiri mwanya, na nyuma yako daladala inakupigia honi kama umeiba. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla hujalipa kodi ni moja tu, mimi naumia zaidi nikichelewa asubuhi au nikichelewa jioni? Mimi bosi wangu anaangalia saa asubuhi, jioni hakuna anayeniangalia, kwa hiyo chini. Rafiki yangu ana mtoto mdogo na dada wa kazi anayeondoka saa kumi na mbili jioni, yeye asubuhi anaingia saa nne, kwa hiyo alichukua juu na hajutii. Kwa asiye na gari ni hivyo hivyo, wa chini asubuhi anapandia upande wake bila kuvuka, jioni anashushwa ng'ambo anavuka usiku na pikipiki zinakuja bila taa. Kama una watoto wanaopanda gari wenyewe hili lifikirie mara mbili.

Jambo la pili ni barabara ya mtaani. Kutoka geti lako mpaka lami. Nyumba nyingi nzuri ziko mwisho wa vumbi lenye mashimo, na mvua za masika zikikolea lile vumbi linageuka bwawa, kigari kama IST kinazama mpaka mlangoni, utawakuta majirani wenye magari makubwa wanapita wanakurushia maji na kukupungia mkono kwa heshima. Kwenye mabonde ndo usiseme, Mto Mbezi na vijito vyake mvua kubwa ikinyesha vinakula kingo, na watu wanaochimba mchanga wamevipanua zaidi, kuna nyumba zimebaki ukingoni kabisa. Kwa hiyo nyumba yoyote iliyo karibu na bonde iulize majirani, usimuulize dalali, na ukiweza nenda kaione siku ya mvua.

Sasa safari yenyewe. Mwenge mpaka Tegeta ile barabara ilipanuliwa kwa msaada wa Wajapani, ikafunguliwa 2014, kabla ya hapo wakongwe wanasema ilikuwa njia moja kwenda moja kurudi na watu walikuwa wanalala njiani. Ikapanuliwa, watu wakaona raha, wakajenga Tegeta, Wazo, Madale, Bunju, Mabwepande, na foleni ikarudi pale pale. Dar ilikuwa na watu karibu milioni 4.4 sensa ya 2012, ya 2022 ikakuta karibu milioni 5.4, na we ukiwa Tangi Bovu saa kumi na mbili asubuhi utaapa wote walioongezeka wanapita hapa. Nikitoka kabla ya saa kumi na mbili kamili nafika Posta ndani ya lisaa na kitu. Nikichelewa nusu saa tu, nikatafuta soksi ya mtoto au nini, hesabu masaa mawili. Hakuna katikati. Ndo maana huku taa za jikoni zinawaka saa kumi alfajiri, magari ya shule yanapiga honi saa kumi na moja na nusu, na watoto wanamalizia usingizi kwenye siti. Wa kwangu wana bahati shule iko Tegeta, wanaenda kinyume na foleni, na hili nalishauri kwa yeyote anayehamia, tafuta shule ya upande wa Tegeta au Bunju, usimburuze mtoto mjini.

Kuna njia ya pili, ya chini, Barabara ya Mwai Kibaki ambayo wengi bado tunaiita Bagamoyo ya zamani, unapita Kawe, Mikocheni, unatokea kule Namanga na Oysterbay. Tangu Daraja la Tanzanite lifunguliwe 2022 mtu wa Posta anaweza kukwepa daraja la Selander, anapita baharini kutoka upande wa Coco Beach mpaka Aga Khan, na kwa kweli ile kilomita moja ya juu ya maji ndo dakika pekee za safari ninazozifurahia, kioo chini, upepo, afu unaishia kwenye taa. Tatizo mpaka ufike darajani umeshapigana Kawe. Na Kawe ikiwa na mkutano wa injili pale viwanja vya Tanganyika Packers, wee, rudi nyumbani ukalale.

Mwendokasi je, yale mabasi yenye njia yake peke yake? Mwendokasi ya kwanza ilianza 2016 Barabara ya Morogoro, wa Kimara wanaitumia na kuilalamikia, sisi tunailalamikia bila kuitumia. Awamu ya nne ndo ya kwetu, inatoka mjini inakuja Mwenge mpaka Tegeta pale Dawasa, na ujenzi wake ndo umetutesa, njia zinahamishwa, uwazi wa kugeuzia ambao uliuzoea unakuta umezibwa, unaenda kugeuzia mbele mbele huko. Hii narudi kwenye lile suala la upande. Mwendokasi inakaa katikati ya barabara, kwa hiyo sehemu za kuvuka kwenda ng'ambo zinapungua, na anayetegemea kukata kulia kila siku ndo atakayeisoma namba. Anayepanga leo aangalie pia nyumba ina umbali gani wa kutembea mpaka kituo, maana siku magari yakianza kupita vizuri, nyumba iliyo dakika tano kutoka kituoni ndo itakuwa nyumba. Wenye nyumba wameshaanza kulijua hili, matangazo yanaandika "karibu na mwendokasi" wakati hata nguzo haijasimama.

Siku gari likiwa gereji napanda daladala. Hapa uswahili na ushua unaishia, tunasukumana sawa sawa. Yanakuja yamejaa kutoka Tegeta na Bunju, kwa hiyo asubuhi tunafanya kugeuza, unapanda linaloenda Tegeta ukiwa unakwenda mjini, unalipa nauli mbili ila unakaa siti ya dirishani kama bosi. Nimeshakutana humo na mkurugenzi mmoja ninayemfahamu, kavaa tai, kashika lunchi boksi, tukasalimiana kwa macho tu. Jioni Makumbusho au Posta ni mambo ya miguu na bega. Boda kutoka kituoni mpaka nyumbani bei inategemea unavyoongea, ukisema "nipeleke kwa mzee fulani" ni bei ya mtaa, ukisema "nipeleke kwenye apatimenti" umeisha.

Haya tuseme umefika nyumbani. Hapo Mbezi Beach inajitetea. Jioni upepo wa bahari unaingia mpaka chumbani, sisi eisii tunaiwasha Januari na Februari tu, luku inakaa. Sinza nilikuwa nasikia mapishi ya majirani watatu, hapa nasikia mwarobaini. Usiku kimya kabisa isipokuwa mbwa, na wikiendi mabaa ya kando ya barabara kubwa, kwa hiyo usichukue nyumba ya mstari wa kwanza kama unapenda kulala. Asubuhi kuna kunguru. Hawa kunguru ni majambazi, sabuni ukiiacha kwenye karo wanaondoka nayo, yai ndo kabisa, mama mwenye nyumba anawatupia mawe na matusi ya Kipare ambayo nimeanza kuyaelewa.

Chumvi. Hiki kitu kinakula hela kimya kimya. Bawaba za geti letu zilipakwa rangi mwaka jana na tayari zinalia, ukilifungua linatoa unga mwekundu mkononi. Boksi la nje la eisii limeoza pembeni, nyavu za madirisha ukizigusa zinachanika, pasi ya zamani ilikufa, bati za nyumba za karibu na bahari zinaota kutu mapema kuliko za juu. Ukihamia leta vitu vya plastiki na alminiamu, friji lako zuri liweke mbali na dirisha la upande wa bahari.

Maji mtu wa Dar hashangai. Huku tunalishwa na mtambo wa Ruvu Chini ulioko Bagamoyo, na kwa kawaida tuko vizuri kuliko mitaa mingi, ila Ruvu ikipungua na sisi tunapungua, mnakumbuka Oktoba 2022 mgao ulivyolipiga jiji zima, ndoo ikawa dili. Kwa hiyo angalia simtanki, liwe la lita elfu tano kwenda juu, na uulize mnagawana watu wangapi. Visima vipo kwenye nyumba nyingi ila upande wa chini maji yake yana chumvi, ya kudeki na kumwagilia sawa, ukipikia chai utajuta. Majitaka ndo kitu ambacho wapangaji hawaulizi kabisa. Nyumba nyingi zinatumia mashimo, na upande wa chini maji ya ardhini yako juu, masika shimo linajaa haraka, gari la kunyonya linaitwa, na hapo ndo mnaanza kuangaliana na mwenye nyumba nani analipa. Kuna mradi wa mabomba ya majitaka umepita baadhi ya mitaa, uliza kama nyumba imeunganishwa, usiulize kama mtaa umepitiwa, hivyo ni vitu viwili.

Na bahari yenyewe? Nicheke. Jina lina bahari ila mi bahari naiona kwenye kona moja nikienda dukani, kati ya kuta mbili. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka maji yanapofika yakijaa zisiwe na ujenzi wa kudumu, lakini nenda kaangalie mwenyewe, ukuta juu ya ukuta, na vichochoro vya kushukia ufukweni vinazidi kuwa vyembamba. Watu wa hoteli za Jangwani Beach wanakupokea vizuri ukilipa kiingilio au ukinunua chakula, na kwa familia ni sawa, unalipia choo kisafi na mlinzi. Pale kuna boti za kwenda Mbudya, kisiwa ni hifadhi ya bahari tangu 1975, maji safi, samaki wa kukaangwa, Jumapili nenda asubuhi kabla hapajajaa. Ufukwe wenyewe unaliwa. Hili sio jipya, ile hoteli ya Africana ambayo kituo kimebaki na jina lake bahari iliifukuza miaka mingi iliyopita, na wenye hoteli za jirani wameshamwaga mawe na kujenga vizuizi kuingia baharini wapate kuokoa mchanga, huyu akizuia hapa mchanga unaondoka kwa mwenzake kule. Kwa hiyo mtu akikuuzia kiwanja "mguu ndani ya maji" mwambie asante. Samaki ndo faida halisi, Kunduchi ngalawa zikiingia asubuhi unapata changu na tasi wa jana usiku, bei ya kuongea, sio ya supamaketi. Mboga na nyanya naacha genge la mtaani kwa dharura tu, wanatupiga bei ya geti, Jumamosi naenda Tegeta Nyuki nanunua za wiki.

Majirani hawafahamiani sana, hiyo ndo kasoro inayoniuma. Sinza nilikuwa naumwa, kabla ya jioni nina uji wa watu wawili. Huku niliumwa na jirani wa kulia alijua baada ya wiki kupitia mlinzi wake. Walinzi na madada wa kazi ndo wanajua mtaa mzima, nani kasafiri, nani kaachana, gari la nani limeuzwa. Kwenye msiba ndo tunakutana, na hapo nawasifu, mtaa unachanga na unafika, wazee wa zamani ndo wanaongoza, apatimenti mpya zinatuma hela kwenye simu bila kutokea.

Kama mnataka nyota basi tatu na nusu. Nyumba na hewa nne, usalama nne, maji tatu na nusu, safari mbili, ujirani mbili. Kwa mtu anayefanya kazi Mwenge, Mikocheni, Kawe au Mlimani City ningeongeza nyota nzima bila kusita, hata Masaki kwa njia ya chini. Wa Kariakoo mwenye duka la kufungua saa mbili, hapana, kaa Magomeni au Ilala, hela ya mafuta weka dukani. Anayefanyia kazi nyumbani yeye aje hata kesho, ndo mtu pekee anayeipata Mbezi Beach yote, sisi wengine tunaipata usiku na Jumapili.

Mkataba wetu unaisha mwezi wa nane. Mzee ameshapitisha neno kwamba anaongeza kodi kidogo "kwa sababu ya mwendokasi", nikamwambia shikamoo mzee, mwendokasi tutaijadili ikishapita, kwanza tuandike humu nani analipa gari la majitaka. Alicheka sana akasema atamuuliza mama. Bado nasubiri jibu la mama.